Mafuta na Gesi: Miaka Ijayo Itatukutaje Sisi wa Kibondo na Kasulu?

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Murungu, Wilayani Kibondo.)



Nimetakiwa niseme juu ya hali ya mafuta na gesi kwa miaka mingi ijayo: kama vitaendelea kupatikana, na kwa bei gani. Huenda mmoja wenu anajiuliza mada hii inatuhusu nini sisi wa Murungu. Hapa hatuna kisima cha mafuta, hatuna bomba, na walio wengi katika nyanda hizi za Buha hulima mihogo, maharage na mahindi kwa jembe la mkono. Lakini jembe hilo lililetwa na lori, na lori linakunywa dizeli. Chaki iliyomo mikononi mwa mwalimu imeletwa na lori hilo hilo. Dawa za zahanati, saruji ya darasa, chumvi, sabuni na mabati, vyote vimesafiri, na safari hiyo imo ndani ya bei yake.

Basi tuanze na safari yenyewe. Zamani nchi yetu ilinunua mafuta ghafi na kuyasafisha yenyewe katika kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966. Kiwanda kile kiliacha kusafisha mafuta mwaka 1999, na tangu hapo tunaagiza petroli, dizeli na mafuta ya taa vikiwa vimekwisha safishwa. Meli hushusha Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na uagizaji hufanywa kwa pamoja ili kupunguza gharama. Kutoka Dar es Salaam hadi Kibondo kwa njia ya Dodoma, Singida, Kahama na Nyakanazi ni zaidi ya kilomita 1,200. Kila mwezi EWURA hutangaza bei za kikomo, wilaya kwa wilaya. Mtu akiisoma orodha ile kwa makini ataona kwamba mwananchi wa Kibondo na Kasulu hulipa zaidi kuliko mwananchi wa Dar es Salaam, na kwa miaka ya karibuni tofauti hiyo imekuwa ikizidi shilingi 200 kwa kila lita. Hiyo ndiyo nauli ya mafuta yenyewe, wala sijataja mafuta yanayouzwa kwa chupa kando ya njia kule vijijini ambako kituo hakipo, kwa bei anayoitaka mwenye chupa.

Kwa hiyo bei tunayoilipa hapa ina mabwana watatu walio mbali nasi. Wa kwanza ni soko la dunia. Wa pili ni dola, kwa maana mafuta hununuliwa kwa dola na sisi tunauza maharage kwa shilingi. Mwezi Julai na Agosti 2023 mafuta yaliadimika katika baadhi ya mikoa, na uhaba wa dola nchini ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Wa tatu ni barabara. Yuko na wa nne, naye ni kodi na tozo za Serikali, ambazo ni sehemu kubwa ya bei ya kila lita. Lakini huyu wa nne hayuko mbali, ni wetu wenyewe, na tozo zake ndizo zinazojenga hizo barabara. Tunaweza kumhoji kwa njia ya vikao na Bunge.

Sasa nirudi kwenye soko la dunia. Wazee waliomo humu wanakumbuka mwaka 1973. Vita vya Oktoba vilipozuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta, na hadi kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Nasi wakati huo tulikuwa tumekumbwa na ukame, tunaagiza chakula kutoka nje. Kabla hatujapumua, yakaja mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979, bei ikapita dola 30, na mwaka huo huo jeshi letu lilikuwa limo katika vita vya kumng'oa Idi Amin. Sehemu kubwa sana ya fedha za kigeni tulizozipata kwa kahawa, pamba na mkonge ilikwenda kununulia mafuta. Ndiyo miaka ile ambayo magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri. Kule mijini marufuku hiyo ilileta kelele nyingi. Hapa Kibondo, nadhani, wengi hawakuisikia, maana magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu.

Katika miaka ile wataalamu wengi walisema mafuta yanakwisha. Hesabu yao haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1980 akiba iliyothibitishwa duniani ilikuwa karibu mapipa bilioni 680, na kwa matumizi ya wakati ule ilitosha kwa miaka kama 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo angetimiza miaka 30 dunia ikiwa haina mafuta. Mwaka 2010 ulifika na kupita. Leo dunia hutumia mapipa kama milioni 100 kwa siku, na akiba inayohesabiwa ni zaidi ya mapipa trilioni moja na nusu. Tumetumia miaka zaidi ya 40 na akiba imeongezeka! Naomba mwalimu wa hesabu asikasirike. Akiba iliyothibitishwa si yote yaliyomo ardhini. Ni yale tu yanayojulikana na yanayolipa kuyachimba kwa bei na ufundi wa wakati huo. Bei ikipanda, au ufundi ukiendelea, mafuta yaliyokuwa hayahesabiki huanza kuhesabika. Wamarekani ni mfano mzuri. Mtaalamu wao M. King Hubbert alitabiri mwaka 1956 kwamba uzalishaji wa nchi yao ungefikia kilele karibu na mwaka 1970, na kweli ikawa hivyo, ukaanza kushuka. Halafu wakajifunza kupasua miamba migumu kwa maji ya shinikizo, na katika miaka ya 2010 uzalishaji ukapanda hata kuipita ile rekodi ya zamani.

Na bei je? Baada ya kupanda miaka ya 1970 ilianguka mwaka 1986 hata chini ya dola 10 kwa baadhi ya mauzo. Julai 2008 ilifika dola 147, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya dola 40. Mwaka 2014 ilianza tena kuporomoka kutoka zaidi ya dola 110, na Januari 2016 ikawa chini ya 30. Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, kule Marekani kwa siku moja muuzaji alimlipa mnunuzi ili amwondolee mafuta, kwa kuwa maghala yalikuwa yamejaa. Miaka miwili baadaye Urusi iliingia Ukraine, na bei ikakaribia dola 130. Agosti 2022 lita ya petroli Dar es Salaam ilizidi shilingi 3,400, tena baada ya Serikali kuwa imekwisha kutia ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi.

Nimeyataja haya yote ili niseme jambo moja bila kificho. Mtu akikuambieni bei ya mafuta ya mwaka 2040, huyo anapiga ramli. Hata wakubwa wenye kompyuta na wataalamu tele hawaafikiani. Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoundwa mwaka 1974 na nchi tajiri baada ya kuumizwa na bei za OPEC, lilisema mwaka 2023 kwamba kwa mwelekeo wa sera zilizokuwapo matumizi ya mafuta duniani yangefikia kilele kabla ya 2030. OPEC yenyewe inasema matumizi yataendelea kukua hadi katikati ya karne. Kila mmoja, tukumbuke, ana masilahi yake katika jibu analolitoa.

Walakini kushindwa kutaja bei si kushindwa kuona njia. Mambo mengine yanaonekana. Mafuta hayatakwisha ardhini katika maisha ya wanafunzi wetu. Guyana, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini, ilianza kuyatoa mwaka 2019 na imekwisha kuwa mzalishaji wa kutajika. Uganda iliyagundua katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kupitisha mapipa kama 246,000 kwa siku. Bomba hilo linapita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora. Mkoa wetu wa Kigoma umeachwa kando. Hata kama lingepita hapa mlangoni, litakuwa limebeba mafuta ghafi ya kuuzwa nje, si dizeli ya kumwagia trekta. Kwa upande mwingine, China, ambayo kwa miaka 20 ndiyo iliyokuwa ikiongeza kiu ya dunia, mwaka 2024 karibu nusu ya magari mapya iliyoyanunua yalikuwa ya kuchajiwa kwa umeme. Kwa hiyo yapo yanayovuta bei chini. Lakini sehemu kama moja ya tano ya mafuta ya dunia imezoea kupita katika mlango mwembamba wa bahari wa Hormuz, na vita havitoi taarifa. Visima vya zamani navyo hupungua kila mwaka, na makampuni yakiogopa kuweka mtaji katika vipya kwa hofu ya magari ya umeme, uhaba unaweza kuja hata pale ambapo ardhi imejaa mafuta.

Maoni yangu ni kwamba tusitazamie mlima wala bonde, tutazamie mawimbi, na mawimbi yenyewe yatakuwa makali. Aliye karibu na bandari huyasikia kwa wiki chache. Aliye mwisho wa barabara hupigwa nayo muda mrefu zaidi, maana nauli ikipanda kwa ajili ya dizeli haishuki upesi dizeli ikishuka. Kila aliyepanda basi la Kasulu analijua jambo hili.

Sasa gesi. Hapa pana kosa moja ambalo nimelisikia hata kwa watu wenye elimu, nalo linastahili kurekebishwa na walimu. Watu husema: Tanzania ina gesi yake, Songo Songo na Mtwara, mbona mtungi wa kupikia ni ghali? Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ile ya kwanza ilianza kutumika mwaka 2004, ya pili 2006, na mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Gesi hiyo karibu yote ni methani. Methani haikubali kugeuka kimiminika kwa kushindiliwa tu ndani ya mtungi. Huhitaji kupozwa hadi baridi kali mno. Gesi iliyomo katika mtungi wa jikoni ni propani na butani, nayo sisi tunaiagiza kutoka nje kwa meli, kama tunavyoagiza petroli. Kwa hiyo mtungi unaofika Murungu hautoki Mtwara hata kidogo. Umetoka ng'ambo, ukalipiwa dola, ukapanda lori kilomita 1,200.

Jambo hili lina uzito kwetu leo, kwa sababu mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa ziache kuni na mkaa. Shule za bweni zimo. Lengo ni jema, na sisi ndio tunaolihitaji zaidi. Misitu ya Kibondo na Kasulu imebeba mzigo wa wananchi na pia wa makambi ya wakimbizi, Nyarugusu tangu 1996 na Nduta iliyofunguliwa tena 2015. Watu wale walikimbia vita na fujo, nao walipaswa kupika. Mama anayeinama moshini hafai kuambiwa angoje. Lakini mkuu wa shule akiondoa kuni na kuweka mitungi, bila hesabu nyingine, amelifunga jiko la wanafunzi kwenye soko lile lile la dunia nililolieleza. Mwaka mtungi utakapopanda bei, wapishi watarudi porini usiku.

Njia nyingine ipo. Mwezi Oktoba 2022 gridi ya taifa ilifika Kibondo na Kasulu, na majenereta ya dizeli tuliyokuwa tukiyasikia yakinguruma yakazimwa. Watu waliipokea siku ile kama sherehe ya taa. Mimi naiona kama siku ambayo wilaya zetu zilipunguza utumwa wa dizeli kuliko siku nyingine yoyote. Umeme huo unatoka kwa sehemu kubwa katika maji ya Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na katika gesi yetu ya kusini, ambayo bei yake imefungwa kwa mikataba ya hapa nyumbani. Mwaka 2022 bei ya gesi Ulaya ilipanda mara nyingi hata viwanda vikafungwa. Mitambo yetu ya Ubungo na Kinyerezi haikutikisika. Na jiko la umeme la presha huivisha chungu cha maharage cha familia kwa chini ya uniti moja. Katika nchi ya maharage kama hii, hiyo si habari ndogo. Mradi wa Malagarasi wa megawati 49.5 ukikamilika, sehemu ya umeme huo itatoka katika mto wetu wenyewe.

Liko na jambo la pili la gesi, nalo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote kwa mkulima wa hapa, ingawa halizungumzwi sana. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ikipanda Ulaya na Ghuba, urea hupanda dunia nzima, na mahindi ya Murungu hukosa mbolea. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022: mfuko wa kilo 50 wa urea ulipita shilingi 120,000, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ili mkulima aupate kwa shilingi 70,000. Ruzuku ile ilikuwa haki na ilisaidia. Lakini tulikuwa tunatumia fedha za umma kununua gesi ya wengine iliyogeuzwa mbolea, ilhali yetu imo chini ya bahari. Mpango wa kujenga viwanda vya mbolea kule Kilwa na Mtwara umezungumzwa kwa miaka mingi.

Kule baharini, tangu mwaka 2010, imegunduliwa gesi nyingi mno. Jumla ya iliyogunduliwa nchini hutajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Mazungumzo ya kujenga kiwanda cha kuigeuza kimiminika Lindi, kwa ajili ya kuuza nje, yamechukua zaidi ya miaka kumi, na gharama inayotajwa ni dola bilioni 42. Mimi sipingi. Fedha za kigeni zitajenga barabara na shule. Ila lazima tujue kwamba soko halitungoji. Msumbiji ilisafirisha gesi yake ya kwanza ya aina hiyo mwishoni mwa 2022. Qatar imo katika upanuzi wa kupandisha uwezo wake kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi milioni 126 na zaidi. Tukifika sokoni mwisho wa foleni, tutakuta wauzaji wengi na bei ndogo. Kiwanda cha mbolea kina mnunuzi ambaye hakimbii: mkulima wa Kibondo, wa Mbozi, wa Songea. Sehemu ya gesi iliyotengwa kwa matumizi ya ndani ilindwe kwa ajili yake, na watumishi wa kilimo mliomo humu msione haya kuliandika jambo hili katika taarifa zenu za wilaya.

Mtaniuliza juu ya Ziwa Tanganyika. Kila mwaka uvumi hurudi kwamba mafuta yamepatikana. Ukweli ni huu: miaka ya 1980 ziwa lilipimwa kwa mitetemo, na miamba ya chini ilionyesha dalili za kutia moyo. Ng'ambo ya Kongo, kwenye rasi ya Kalamba, mafuta hujitokeza juu ya maji yenyewe. Lakini kampuni ya Amoco ilipochimba visima katika bonde la Ruzizi, Burundi, miaka hiyo hiyo ya 1980, haikupata kitu cha kuuza. Huenda siku moja yatapatikana. Halmashauri isitie mafuta ya ziwani katika mpango wake, na mtumishi asikope kiwanja Kigoma kwa kuyategemea. Ziwa lile lina samaki na maji ya kunywa ya nchi nne. Hiyo ni mali iliyokwisha patikana.

Kwa muda huo wote barabara ndiyo itakayotupa nafuu ya haraka. Lami ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Manyovu inapunguza dizeli inayochomwa kwa kila tani ya mzigo, maana lori lililokuwa likitambaa matopeni kwa gia ya kwanza huchoma mafuta mengi bila kwenda mbali. Vile vile ipo mikopo ya REA kwa ajili ya vituo vya mafuta vijijini. Vyama vya ushirika vyetu vingeweza kuitazama, ili biashara ya chupa ikome. Mafuta ya chupa hupunjwa, huchanganywa, na mara kwa mara huunguza nyumba.

Nawaachia walimu kazi moja. Chukueni tangazo la EWURA la mwezi huu, muandike ubaoni bei ya dizeli ya Dar es Salaam na ya Kibondo, kisha muwaulize wanafunzi: lori linalobeba mifuko 600 ya mbolea likitumia lita moja kwa kila kilomita mbili na nusu, safari ya kilomita 1,200 inaongeza shilingi ngapi katika kila mfuko? Halafu wapandisheni bei kwa robo, wapige hesabu tena. Darasa la saba wanaiweza.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.